Kabla ya Kuuliza Dawa, Uliza Mbegu

Wiki mbili kabla ya kukabidhi ripoti ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho, niliandika sentensi ambayo mwenyewe sikuiamini. Niliandika kwamba kambale wa bwawa la pili walipata nafuu kutokana na kuogeshwa maji ya chumvi. Msimamizi akaipitisha, alama zikatoka, sapu sikupata, maisha yakaendelea. Lakini sentensi ile inanikera mpaka leo. Nimeamua kuisema hapa kwa sababu naamini wengi wetu tunaofanya miradi kwenye mabwawa ya chuo tumeshaandika sentensi ya aina hiyo, na wengine wataiandika muhula huu.

Hali ilikuwa hivi. Nilikuwa na mabwawa mawili madogo, jirani kabisa, yanayopata maji kutoka tangi moja. Chakula kilitoka gunia moja. Kila bwawa lilikuwa na vifaranga 300 vya kambale. Mwezi wa pili, kambale wa bwawa la pili wakaanza kujisugua ubavu ukutani, wakaacha kula, wengine wakawa wanaelea juu bila nguvu. Nikakwangua ute wa ngozi, nikakata kipande cha tamvua, nikaweka chini ya hadubini. Trichodina walikuwa wamejaa, vile viduara vinavyozunguka kama visahani vyenye duara la meno katikati. Nikakimbilia bwawa la kwanza kufanya vilevile. Kule nilihesabu wachache tu, na samaki walikuwa wanagombania chakula kama hakuna kilichotokea.

Nikafanya alichofanya kila aliyenitangulia. Nikafungua desa la kaka zetu wa miaka ya nyuma, nikakuta chumvi, nikaweka chumvi. Baada ya wiki moja vifo vikapungua. Hapo ndipo ile sentensi ilipozaliwa.

Tatizo ni kwamba bwawa la kwanza halikuguswa na chumvi hata punje, na halikuugua. Maji ni yale yale, chakula ni kile kile, mkono unaolisha ni wangu. Kilichotofautiana ni samaki wenyewe. Nikaenda kwenye daftari la mabwawa kutafuta walikotoka. Nikakuta mstari mmoja: "Kambale wa kawaida, vifaranga 600." Nikamfuata kaka anayehudumia mabwawa. Akasema, "Mdogo wangu, hawa walikuja kwenye mifuko ya oksijeni, wale wakaja kwenye ndoo. Walikotoka sijui, siku ile nilikuwa likizo." Basi. Miezi mitano ya kazi, na bumu langu lililoishia kwenye chakula cha samaki, vikaishia kwenye mfuko na ndoo.

Hoja yangu ni hii. Samaki wanapougua vimelea, tunauliza maji, halafu tunauliza dawa. Hatuulizi ni samaki wa mbegu gani, wa wazazi gani. Na bila swali hilo, sehemu kubwa ya tunachokiita matokeo ni kubahatisha tu.

Wenzetu waliolivalia njuga swali hili ni wafugaji na watafiti wa kusini mwa Marekani, hasa eneo la Delta katika jimbo la Mississippi, ambako kambale ni zao kubwa la mabwawa. Kambale wao si ndugu wa karibu wa kambale wetu, Clarias gariepinus. Ni wa familia nyingine kabisa ya samaki wenye sharubu, na hawana kile kiungo cha kupumulia hewa ambacho huyu wa kwetu anacho nyuma ya matamvua. Kwa hiyo siwaleti hapa ili tuhamishe takwimu zao. Nawaleta kwa sababu walijifunza kuuliza.

Wao wana samaki watatu wakuu. Wa kwanza ni Ictalurus punctatus, ambaye nitamwita kambale wa madoa, kwa kuwa ndivyo jina lake la Kilatini linavyosema. Wa pili ni Ictalurus furcatus, kambale wa bluu. Wa tatu ni chotara, anayepatikana kwa jike wa madoa na dume wa bluu. Kwa miaka mingi waliyefuga ni wa madoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaanza kuripotiwa ugonjwa ambao wafugaji waliupa jina la nyama ya kusaga, kwa kuwa matamvua ya samaki huvimba, yakakatikakatika na kuvuja damu hadi yakafanana na nyama iliyotoka kwenye mashine. Bwawa likipatwa vibaya linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya samaki kwa muda mfupi.

Msababishaji ni kimelea kidogo sana, Henneguya ictaluri. Maisha yake yanahitaji viumbe wawili. Sehemu moja anaishi ndani ya mnyoo mdogo wa kwenye tope la bwawa, Dero digitata. Mnyoo huyo hutoa vijimbegu vinavyoelea majini, vikamnasa samaki na kumwingia, vikaishia kwenye matamvua. Kwa samaki vinakomaa na kutengeneza vijimbegu vya aina nyingine, ambavyo vikirudi kwenye tope vinamezwa na mnyoo, na mzunguko unaanza upya. Dawa ya kumtoa kimelea huyu ndani ya samaki haipo. Anachoweza mfugaji ni kuongeza hewa kwenye maji ili samaki wenye matamvua mabovu wasikose pumzi, au kuwaondoa mapema, na asilete samaki wapya mpaka bwawa litulie.

Dawa ikikosekana, unalazimika kumtazama samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwaweka kambale wa madoa, kambale wa bluu na machotara wa kurudishia kwenye ugonjwa huo huo, na ukazitazama pia familia mojamoja. Wa bluu walistahimili kuliko wa madoa. Tafiti zilizofuata zikaonyesha jambo ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Chotara akiingiliwa na kimelea huyu, matamvua yake yanaumia kweli, lakini mara nyingi kimelea anashindwa kukua hadi kukomaa. Maana yake, chotara anaumwa lakini haambukizi kama mzazi wake wa madoa. Vijimbegu havirudi kwenye tope kwa wingi, mnyoo hapati cha kumeza, na kadiri muda unavyokwenda bwawa lenyewe linasafika. Hivyo kuchagua samaki gani umweke kwenye bwawa lenye historia ya ugonjwa kumekuwa ni njia ya tiba, ingawa hakuna chupa iliyofunguliwa.

Najua mtu ameshasema moyoni, "Sasa si tulete machotara tumalize kazi?" Subiri kidogo, ndugu yangu.

Kambale wa bluu huyo huyo anayestahimili nyama ya kusaga, na ambaye pia ana nafuu dhidi ya bakteria aitwaye Edwardsiella ictaluri anayewatesa sana wa madoa, anaelemewa na bakteria mwingine wa ukoo huo huo, Edwardsiella piscicida. Kwa huyo wa pili, wa bluu na chotara ndio wanaoathirika zaidi, na wa madoa ndiye mwenye nafuu. Kadiri mabwawa ya machotara yalivyoongezeka Marekani, ndivyo ugonjwa huo ulivyozidi kuwa habari. Na ule ugonjwa wa vidoa vyeupe, unaoletwa na Ichthyophthirius multifiliis, hauna simile: hushambulia karibu kila samaki wa maji baridi, awe wa madoa, wa bluu au chotara.

Kwa hiyo neno "mgumu" peke yake halina maana. Mgumu kwa nani? Kila mdudu ana mlango wake. Trichodina anakaa juu ya ngozi na matamvua, anajigawa mwenyewe na kuhama kutoka samaki hadi samaki. Kwake yeye ute wa ngozi na msongamano wa samaki ndiyo habari kubwa. Minyoo midogo ya kwenye matamvua, ile inayojishikiza kwa kulabu, mara nyingi inachagua mwenyeji wake kwa ukali, na anayemfaa mmoja hamfai jirani. Henneguya anahitaji kuingia mwilini na kukua kwenye nyama ya samaki. Samaki aliyeufunga mlango mmoja anaweza kuwa ameacha mwingine wazi.

Kuna na jambo la pili, nalo linatuhusu sisi moja kwa moja. Tunapenda kusema kambale wetu ni mgumu. Ni kweli, anaishi kwenye maji ambayo perege hawezi. Lakini tujiulize kinachomwokoa. Ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu. Matamvua yake yakiharibiwa na vimelea, anapanda juu, anachukua pumzi, anarudi chini. Anaweza kubaki hai siku nyingi akiwa amejaa vimelea, huku akivimwaga kwenye maji. Kutokufa si sawa na kutokuwa na vimelea. Na tunamfuga pamoja na perege ili ale vitoto vyao bwawa lisijae. Baadhi ya vimelea havibagui kati ya hao wawili. Yule tunayemsifia ugumu anaweza kuwa ndiye mbebaji, na perege ndiye analipa. Kwa wanaodhani Henneguya ni habari za Marekani tu, wapo wa jamii hiyo walioelezwa zamani kwa kambale wa Mto Nile, kwenye matamvua na kwenye kile kiungo cha hewa chenyewe.

Hapo ndipo tunaposhindwa kwenye ripoti zetu. Tunahesabu waliokufa, tunaandika kwamba waliobaki wamestahimili. Kumbe kuna maswali matatu tofauti: je, kimelea aliingia? Je, alimdhuru samaki? Je, aliweza kuzaana na kutoka? Chotara wa Mississippi ana majibu ya ndiyo, ndiyo, na mara nyingi hapana. Kambale wetu na baadhi ya vimelea huenda ni ndiyo, kidogo, na ndiyo kubwa. Ukihesabu maiti tu huwezi kuwatofautisha.

Sasa turudi kwenye ndoo na mfuko. Unajua vifaranga vya kambale vinavyopatikana. Jike anachomwa homoni, anakamuliwa mayai. Dume hakamuliki kirahisi, kwa hiyo kwa kawaida anachinjwa ili zitolewe korodani. Hata wale wanaozalisha chotara Marekani wanachinja dume wa bluu kwa sababu hiyo hiyo. Jike mmoja mkubwa anatoa makumi ya maelfu ya mayai. Mtotoleshaji anayebana matumizi hana sababu ya kuchinja madume kumi. Dume mmoja na jike mmoja wanamtosha kujaza oda zote za wiki. Matokeo yake, bwawa zima linaweza kuwa na ndugu wa tumbo moja. Wakiwa na udhaifu kwa kimelea fulani, wanao wote. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwenye bwawa la familia moja hiyo si methali tena.

Hebu fikiria sasa mwanafunzi anayelinganisha "mbegu A" na "mbegu B" kwa kununua ndoo moja huku na ndoo moja kule. Anadhani analinganisha mbegu. Anachofanya ni kulinganisha mama mmoja na mama mmoja. Ni sawa na mtu aje chuoni, akutane na ndugu watatu wa nyumba moja kutoka mkoa fulani, arudi kwao akaandike kitabu kuhusu watu wa mkoa huo. Kama watafiti wa 2003 waliona umuhimu wa kutazama familia mojamoja, sisi ni nani tuzirukie?

Nimeshalijadili jambo hili hosteli na wenzangu, na wamenipinga kwa hoja mbili ambazo si za kudharau.

Ya kwanza ni kwamba maji ndiyo kila kitu. Bwawa likiwa chafu na samaki wamebanana, hata mbegu ya dhahabu itaugua. Nakubali. Simwambii mtu aache kubadilisha maji. Ila mabwawa yangu mawili yalikuwa na maji ya tangi moja, na moja likaugua. Huenda sababu ni mbegu. Huenda ni kwamba waliokuja kwa ndoo walichoka njiani, ute ukachubuka, au walikuja na Trichodina wao tayari. Hoja yangu si kwamba ninalo jibu. Hoja yangu ni kwamba jibu lingeweza kupatikana, tukalipoteza kwa kukosa mstari mmoja wa wino.

Ya pili ni kwamba mfugaji mdogo hana uchaguzi, ananunua palipo karibu. Hii ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu nimekutana na mfugaji huyo. Ilikuwa kwenye maonyesho ya Nanenane, nimevaa fulana ya chuo, nimesimama mbele ya tangi la kambale. Akaja mama mmoja, akasikiliza maelezo yangu yote kuhusu kubadilisha maji, kutojaza samaki kupita kiasi, na chumvi. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, hayo nayajua. Mimi nimekuuliza mbegu. Nichukue ya wapi isiyonifia?" Nikamwambia, "Mama, kwa kweli…" halafu sikuwa na la kumalizia. Akashukuru kwa adabu, akaenda banda lingine. Yule mama alikuwa na uchaguzi. Alikuwa amesafiri na nauli yake mfukoni kuutafuta. Aliyekosa cha kumwambia ni mimi niliyesomeshwa.

Na tusipomjibu sisi, atajibiwa na mwenye kuuza. Atakuja mtu na gari lenye maandishi makubwa, amwambie hii ni mbegu chotara, haiugui. Huyo mtu hatasema haiugui nini. Wala hatamwambia yaliyotokea Thailand, ambako kambale wetu wa Afrika alipelekwa, akapandishwa na kambale wao wa asili, Clarias macrocephalus, chotara akapendwa kwa kukua haraka, na baadaye vinasaba vya Mwafrika vikaonekana kwa samaki wa porini. Huku Nigeria chotara wa Clarias na Heterobranchus anafugwa tayari. Sisemi ni dhambi. Nasema sisi tulio kando ya maziwa yenye samaki wetu wa asili, na tunaoikumbuka historia ya sangara Ziwa Victoria, tunatakiwa kuwa wa mwisho kuamini neno "haiugui" bila kuuliza swali la pili.

Basi naomba nini? Siombi maabara mpya. Najua bajeti ya chuo, na najua hadubini tatu kati ya tano hazina taa.

Kwanza, daftari la mabwawa liwe na nafasi nne ambazo hakuna samaki anayeingia majini kabla hazijajazwa: ametoka kwa nani, ni wa majike na madume wangapi, amekuja lini na kwa chombo gani, na amekaguliwa vimelea siku ya kufika au la. Kama muuzaji hajui idadi ya wazazi, iandikwe "hajui". Hilo nalo ni jibu.

Pili, idara isikubali pendekezo la mradi linalolinganisha mbegu bila familia kadhaa kwa kila mbegu. Kama fedha hazitoshi, tuungane watu watatu wanne kwenye mradi mmoja mkubwa. Kwani kuna ubaya gani? Ni bora ripoti moja yenye nondo kuliko nne za kutafutia alama.

Tatu, hili ni letu wanafunzi na halihitaji kibali cha mtu: tukikagua vimelea, tuhesabu na kwa waliopona, si kwa wagonjwa tu. Bwawa lisiloumwa ndilo lenye habari tunayoihitaji. Mimi nililikagua mara moja tu, nikalisahau.

Nne, matokeo yakae mahali pamoja ambapo mwaka wa kwanza wa miaka mitano ijayo atayakuta. Sasa hivi kila mmoja anaanza upya, na desa pekee linalorithiwa ni la chumvi.

Haya yakifanyika kwa miaka michache, chuo kitakuwa na kitu ambacho hakiuzwi dukani: orodha ya mbegu za kambale wa eneo letu, kila moja na mdudu anayeisumbua na asiyeisumbua. Orodha hiyo ndiyo ningempa yule mama.

Ripoti yangu iko kwenye rafu ya idara, imebanwa vizuri, jalada la bluu. Anayeichukua, tafadhali afungue sura ya tano na aisome ile sentensi hivi: kambale wa bwawa la pili waliugua na wa bwawa la kwanza hawakuugua, na mwandishi hajui kwa nini, kwa sababu hakuuliza walikotoka.